Mtoto wa darasa la skrini anataka kujibiwa

Kwa wiki tatu nilifundisha taa.

Mwanafunzi wangu alikuwa na miaka sita. Aliingia darasani kwa wakati, akasema "hello" kwa sauti ya kunong'ona, kisha akakilaza kishikwambi chali mezani na kutoweka. Mimi nikabaki na dari nyeupe na taa moja ya duara. Niliiimbia dari wimbo wa rangi. Niliionyesha dari picha za wanyama. Niliipa hata stika za nyota, kwa sababu kampuni iliyoniajiri wakati huo ilihesabu stika, na mwalimu aliyemaliza kipindi bila kugawa idadi iliyopangwa alipigiwa simu na msimamizi. Mtoto nilimsikia kwa mbali akisukuma kitu sakafuni. Alikuwa na furaha zake na hakuwa na haja nami.

Kila anayefundisha watoto Kiingereza mtandaoni ana taa yake. Kwa mwingine ni kamera iliyozimwa. Kwa mwingine ni mtoto anayeikodolea macho skrini huku akitafuna ukosi wa shati, akijibu "yes" kwa kila swali, hata akiulizwa jina lake. Na ushauri tunaopewa ni uleule: ongeza rangi, ongeza muziki, badilisha shughuli kila baada ya dakika tatu, vaa kofia ya kuchekesha. Yaani mtoto ni mtazamaji aliyechoka, na dawa ya mtazamaji aliyechoka ni onyesho lenye makelele zaidi.

Nadhani tumekosea tangu kwenye kupima ugonjwa. Mtoto huyohuyo tunayesema hawezi kutulia dakika tano anaweza kupanga vipande vya plastiki nusu saa bila kuinua kichwa, na ukimgusa anakasirika. Umakini anao. Ila vile vipande vinamjibu: akiweka vibaya vinaanguka, akiweka vizuri vinasimama. Darasani kwetu, lolote alifanyalo halibadilishi kitu. Akijibu sawa, slaidi ya saba inafuatwa na ya nane. Akikosea, inafuatwa na ya nane. Akinyamaza, vilevile. Baada ya vipindi viwili ameshajua kwamba gari hili linakwenda awemo asiwemo, basi anashuka.

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha jaribio ambalo bado linatajwa kila watu wanapobishana kuhusu watoto na skrini. Watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa hivi, kutoka nyumba zinazozungumza Kiingereza, walikaa na watu wazima waliowasomea na kucheza nao kwa Kichina cha Mandarin. Vipindi vilikuwa 12 tu. Mwishoni walitofautisha sauti za lugha hiyo ambazo wenzao waliosikia Kiingereza peke yake hawakuweza kuzitofautisha vizuri. Kundi jingine lilipewa watu haohao na vitabu hivyohivyo, lakini kwa video iliyorekodiwa. Halikupata kitu.

Wengi waliyasoma matokeo hayo wakahitimisha kwamba skrini haifundishi lugha. Ndiyo maana napenda kuyaweka kando ya jaribio la mwaka 2014 la Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff. Wao walichukua watoto wa miaka miwili hadi miwili na nusu wakawafundisha vitenzi vipya kwa njia tatu: mtu aliyeketi mbele yao, mtu aliye kwenye simu ya video, na video iliyorekodiwa. Waliofundishwa ana kwa ana walijifunza. Waliopewa rekodi hawakujifunza. Waliopigiwa simu ya video walijifunza kama wale wa ana kwa ana. Skrini ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba mtu wa kwenye simu aliweza kumngoja mtoto, kumwitikia, na kubadilisha maneno yake kulingana na alichokiona. Rekodi haimngoji mtu.

Wanafunzi wetu ni wakubwa kuliko watoto hao, na vitenzi vichache si lugha nzima. Lakini mstari uliochorwa pale unatufaa. Darasa la mtandaoni linaweza kuwa simu au linaweza kuwa rekodi, na linaweza kuwa rekodi hata mwalimu akiwa hai, anatoka jasho, kofia ya kuchekesha kichwani. Mimi nilipokuwa naiimbia dari nilikuwa rekodi.

Kuna sababu ya kiufundi inayotusukuma huko, na sioni ikizungumzwa vya kutosha. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walipima mazungumzo ya kawaida katika lugha 10 za pembe mbalimbali za dunia, wakitazama pengo kati ya swali la mtu mmoja na jibu la mwingine. Wastani ulikuwa kama milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Lugha zilipishana, lakini kidogo. Binadamu wote tunarushiana maneno kwa kasi ya mpira wa meza, na sikio limezoea kasi hiyo kiasi kwamba jibu likichelewa kidogo tu tunahisi kuna jambo.

Sasa weka intaneti katikati. Sauti inanaswa, inabanwa, inasafiri, inafunguliwa upande wa pili, kisha jibu linarudi kwa safari ileile. Mtandao mzuri unakula muda unaokaribia pengo lenyewe. Mbaya unakula sekunde nzima na zaidi. Sikio la mwalimu halisemi "mtandao umechelewa". Linasema "hajui". Basi anarudia swali kwa sauti ya juu zaidi. Wakati huohuo jibu la mtoto ndiyo kwanza linawasili, linagongana na swali lililorudiwa, na programu, isiyopenda sauti mbili kwa pamoja, inaimeza moja. Inayomezwa mara nyingi ni ile ndogo. Mtoto aliyejibu akamezwa mara tatu, mara ya nne hajibu. Kwenye ripoti tunaandika: hashiriki.

Miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi katika shule za msingi za Marekani, alionyesha kwamba walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kusema tena. Waliposubiri sekunde tatu, majibu ya watoto yalirefuka, na hata waliozoea kunyamaza walianza kusema. Hayo yalikuwa madarasa ya watu walio chumba kimoja, wakizungumza lugha wanayoijua. Kwa mtoto anayetafuta neno la Kiingereza huku sauti ikisafiri kupitia mitambo, sekunde tatu hazitoshi. Mimi nahesabu kwa vidole vyangu chini ya meza, pasipoonekana na kamera, na siuruhusu mdomo wangu kufunguka kabla ya kidole cha tano. Majibu mengi yanatoka kwenye kidole cha nne. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, hasa unapojua kwamba nyuma ya mtoto kuna mzazi anayesikiliza ukimya aliolipia.

Turudi kwenye taa. Siku moja ya wiki ya tatu, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa hekima, niliziacha slaidi. Nikaitazama ile taa nikasema, "Hello, lamp." Kimya. "Lamp, are you hot?" Kitu kilichokuwa kikisukumwa sakafuni kikasimama. "Lamp, are you hungry?" Nikasikia kicheko, kisha sauti: "No!" Nikaiuliza taa inakula nini. Pembeni mwa skrini likaingia paji la uso na jicho moja.

"Lamp no eat."

Sentensi yake ya kwanza ya Kiingereza ambayo haikutoka kwenye slaidi yangu. Ukiniuliza kilichotokea, sitasema nilimchekesha, ingawa alicheka. Kwa wiki tatu alikuwa akinionyesha kitu, kwa kutaka au kwa kutotaka, nami kwa wiki tatu nilikuwa nikijifanya sioni. Siku hiyo nilijibu nilichoonyeshwa. Nisitie chumvi: kipindi kilichofuata alikilaza kishikwambi tena. Lakini safari hii alikuwa amelala kando yake, akingoja taa isemeshwe.

Na sentensi yenyewe ilikuwa na kosa, jambo linalotuleta kwenye namna ya kusahihisha. Mazoea ya walimu wengi wa lugha, mimi nikiwamo, ni kurudia sentensi ya mtoto kwa umbo lililo sahihi na kuendelea: "Oh, the lamp doesn't eat?" Ni adabu njema, haimvunji mtoto moyo. Roy Lyster na Leila Ranta, waliochunguza madarasa ya Kifaransa nchini Kanada na kuchapisha matokeo mwaka 1997, waliona kwamba njia hiyo ndiyo walimu wanaitumia kuliko zote, na ndiyo ambayo wanafunzi wanaiitikia kidogo kuliko zote. Mtoto anasikia kwamba amekubaliwa. Hasikii kwamba amesahihishwa.

Kwenye skrini tatizo linakuwa kubwa kwa sababu ya sauti zenyewe. Kiingereza kina tabia ya kutundika sarufi yake mkiani mwa neno, kwa konsonanti ndogo: ile s ya wingi, ile s ya mtu wa tatu. Sauti kama s, f na ile ya mwanzo wa "think" zina nguvu zake kwenye masafa ya juu, na masafa ya juu ndiyo yanayoonewa na spika ndogo za vishikwambi na vizuia kelele vya programu za mikutano, ambavyo huweza kudhani s ni upepo wa feni. Mtoto anayesema "she eat" mwezi wa pili mfululizo anaweza kuwa si mzembe. Pengine hajawahi kuisikia s hiyo hata mara moja. Nina kadi ya manjano yenye herufi S kubwa iliyoandikwa kwa kalamu nene. Neno likifika mkiani naiinua hadi mbele ya kamera. Baada ya wiki chache watoto huanza kunidai: nikisahau kuiinua wanapiga kelele "S! S!" kwa furaha ya kumkamata mwalimu na kosa. Kadi hiyo ya karatasi imenifanyia kazi kuliko slaidi zote zenye miondoko nilizowahi kununua.

Stika nazo zina historia yake. Shule zilipofungwa mwaka 2020, UNESCO ilihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 waliokuwa nje ya madarasa, na mamilioni ya walimu wakahamia kwenye skrini bila maandalizi. Waliokuwa na mbinu tayari ni kampuni za kuuza masomo ya Kiingereza kwa video, nyingi zikilenga watoto wa China kwa vipindi vifupi vya mwalimu mmoja na mtoto mmoja. Julai 2021 serikali ya China iliyabana masomo ya ziada ya kibiashara, walimu wengi waliokuwa nchi nyingine wakapoteza wanafunzi wao ghafla, wakatawanyika kwenye masoko mengine na mazoea yao: nyota, beji, makofi ya kompyuta, mwanasesere wa mkononi. Tatizo ni kwamba mengi ya mazoea hayo yalilelewa na kipindi cha majaribio, kile cha bure ambacho mzazi hukitazama kabla ya kutoa pesa. Kipindi cha majaribio hakina lengo la kumfundisha mtoto. Kina lengo la kumridhisha mtu mzima aliyesimama nyuma ya kiti. Nyota inayolipuka kwa cheche inaonekana vizuri kutoka nyuma ya kiti.

Kwa mtoto mwenyewe habari ni tofauti. Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 1973 kwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora. Wengine walipewa cheti kwa kushtukizwa, baada ya kuchora. Wengine hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Mchezo wao ulikuwa umegeuzwa kibarua, na kibarua kisicho na malipo nani anakitaka?

Sisemi stika zitupwe zote. Zingatia lile kundi la pili, la kushtukizwa: halikudhurika. Kinachoharibu ni ahadi, ni yale masharti ya "ukisema sentensi mbili utapata nyota". Nimewahi kufundisha mtoto wa miaka minane aliyefika kwangu akiwa ameshapitia mfumo wa pointi kwa mwaka mzima. Kila nilipomuuliza jambo, kabla ya kujibu aliuliza, "How many stars?" Matamshi yake ya sentensi hiyo yalikuwa safi kabisa. Ndiyo sentensi aliyoijua vizuri kuliko zote.

Mwili nao umesahauliwa. Mwanasaikolojia James Asher wa San José, Marekani, alieleza tangu miaka ya 1960 kwamba watu huishika lugha mpya vizuri wanapoitikia amri kwa vitendo kabla ya kulazimishwa kusema: simama, geuka, gusa mlango. Walimu wa watoto wameitumia njia hiyo vizazi kadhaa. Halafu tukahamia mtandaoni na jambo la kwanza tulilomwambia mtoto ni akae katikati ya fremu, asisogee. Jeremy Bailenson wa Stanford, akieleza mwaka 2021 kwa nini mikutano ya video inachosha, alitaja mambo manne: nyuso zinazokutazama kwa karibu muda wote, kujiona mwenyewe bila kukoma, kufungwa ndani ya fremu, na juhudi ya ziada ya kutuma na kusoma ishara. Alikuwa akifikiria watu wazima. Mpe mtoto wa miaka saba mzigo huohuo.

Mawili kati ya hayo yana dawa ya haraka: ficha dirisha linalomwonyesha mtoto sura yake, maana watoto wengine hutumia kipindi kizima kujitengenezea mdomo, na mruhusu atoke kwenye fremu, tena mtume. "Bring me something soft." Anakimbia, anapotelea huko, anarudi na soksi. Soksi hiyo imebeba somo zima. Ni ya nani? Ni safi? Iko wapi nyingine? Sikuitayarisha mimi, kwa hiyo maswali yangu ni maswali ya kweli, na mtoto anatofautisha swali la kweli na swali la mtihani haraka kuliko tunavyodhani. Ukimwonyesha picha ya mbwa ukauliza "what is this?", anajua kwamba unajua. Ukimuuliza kilichomo ndani ya boksi aliloshika, anajua kwamba hujui. Hapo Kiingereza kinakuwa na kazi.

Nyimbo nitazipitia upesi. Kuimba pamoja mtandaoni hakuwezekani. Ucheleweshaji unageuza kiitikio kuwa vurugu, na kizuia kelele kinayameza makofi. Mpe mtoto mmoja maikrofoni, wengine waimbe wakiwa wamezimiwa zao, kisha zamu ibadilike.

Makundi yanahitaji hesabu. Kipindi cha dakika 30 chenye watoto sita, mwalimu akijizuia kabisa asizungumze zaidi ya nusu ya muda, kinamwachia kila mtoto dakika mbili na nusu. Dakika nyingine 27 na nusu anatazama. Darasani ana kwa ana mwalimu angewapanga wawili wawili, na kelele ya mazungumzo matatu kwa wakati mmoja ingekuwa kelele nzuri. Kwenye simu ya video sauti mbili tu tayari ni ajali. Vyumba vidogo vya pembeni, ambavyo programu hutumia kugawa darasa makundi, vinafaa kwa watoto wa miaka kumi na zaidi. Kwa wa miaka sita ni kuwaacha yatima, na utakaporudi utamkuta mmoja analia na mwingine amelala. Ninachofanya ni kumpa kila asiyezungumza kazi inayoonekana: anachora anachokisikia. Mmoja anaeleza jitu lenye macho matatu na masikio ya kijani, watano wanachora, kisha karatasi zinainuliwa mbele ya kamera. Hapo mzungumzaji anaona maneno yake yameshika wapi na yameteleza wapi. "No! Three eyes! Three!" Sijawahi kusahihisha hesabu ya macho. Wanasahihishana wenyewe, tena bila huruma.

Mtaona kama nahubiri darasa lisilo na mpango. La hasha. Watoto wadogo wanapenda kujua kinachofuata, na mlango wa darasa langu unafunguka kwa maneno yaleyale kila siku, kwa mpangilio uleule, hadi wengine wanayasema kabla yangu. Mpango wangu ni mwembamba tu: neno au umbo moja la sarufi ninalotaka lijitokeze mara nyingi, na njia tatu za kulifikia. Kipindi kinachojaa slaidi 28 kinamtia mwalimu hofu ya kutomaliza, na mwalimu mwenye hofu hiyo hana nafasi ya kusikia soksi. Najua pia kwamba si wote wenye uhuru huo. Anayefundishia kampuni yenye slaidi za lazima na msimamizi anayekagua rekodi atasema haya ni maneno ya mtu aliyeshiba, na sina jibu zuri la kumpa, isipokuwa kwamba hata ndani ya slaidi ya lazima mtu anaweza kuhesabu vidole vitano.

Limebaki suala la mzazi, ambalo nusu ya walimu ninaowajua wangeliweka la kwanza. Ishara ninaijua kwa mbali. Nauliza swali, macho ya mtoto yanakwenda kushoto mwa kamera, yanakaa huko kidogo, yanarudi na jibu. Mzazi ananong'ona. Ananong'ona kwa upendo, na kwa aibu kidogo pia, maana jibu baya la mtoto analisikia kama lake. Nilikuwa nikiwaomba watoke chumbani. Wengine walitoka wakasimama mlangoni, na macho ya mtoto yakahamia mlangoni.

Siku hizi nawaita ndani. "Mama, naomba leo uwe mwanafunzi mwenzetu, na ukosee kila kitu." Mara ya kwanza wanadhani ni utani. Nikainua picha ya tembo nikauliza rangi, mama mmoja akasema kwa uso mkavu, "Pink." Mtoto wake, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa hasemi bila kunong'onezwa, alimgeukia kwa mshangao usio na kifani. "No! Mama, no! Grey! Elephant is grey!" Mama akang'ang'ania pink. Ubishi ukachukua dakika nne, mimi nikiwa sina la kufanya ila kuinua kadi nyingine kila pande zote mbili zilipoishiwa pumzi. Tangu siku hiyo mtoto ndiye aliyesahihisha, na mnong'ono ukafa wenyewe, kwa sababu hakuna anayepokea jibu la mwanafunzi wa mwisho darasani.

Kampuni niliyoitaja mwanzo niliiacha, au iliniacha, itategemea unamuuliza nani. Mfumo wao ulipima dakika ambazo kamera ya mtoto ilikuwa wazi, stika zilizotolewa, na tabasamu la mwalimu. Kwa kipimo hicho wiki zangu tatu za taa zilipata alama nzuri: kamera ilikuwa wazi muda wote.

Mimi napima kitu kimoja, kwa kalamu, kwenye daftari lililo kando ya kompyuta. Kila kipindi kinapokwisha naandika sentensi ambazo mtoto alizianzisha mwenyewe, zisizo jibu la swali langu. Kurasa nyingi ni tupu. Kwa watoto wapya zinakaa tupu wiki nyingi, na nimejifunza kutozijaza kwa huruma. "Teacher, toilet" siihesabu, ingawa nakiri ni mawasiliano kamili. Yule wa dari sasa ana miaka minane na bado yuko nami. Ukurasa wake wa juzi una mstari mmoja. Nilikuwa nimewasha kompyuta kwa haraka, nikaanza somo katikati ya kiza cha jioni bila kujitambua, nikauliza siku yake imekwendaje. Hakujibu. Alisogeza uso hadi pua ikakaribia kamera, akatazama nyuma ya bega langu.

"Teacher, why is your lamp sleeping?"